Malindi hadi New York: masafa ni yale yale, mbona saa hazilingani?

Mkaazi wa Barani (mleta uzi)

Assalamu alaykum wanajukwaa, na hamjambo nyote. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya ubishi uliozuka barazani kwetu hapa Barani, Malindi, ubishi ambao umekula jioni tatu na madele kadhaa ya kahawa bila ya kupata mshindi. Mama yangu, inshallah, atasafiri mwezi wa Disemba kwenda New York kumwona dada yangu aliyejifungua, na kila aliyeishika tiketi yake alitoka na hesabu yake. Mpwa wangu alisema ndege itakuwa angani kwa saa saba. Jirani, aliyeutazama upande wa kurudi, akasema ni saa ishirini na mbili. Dada mwenyewe, kwa simu, akatuambia kwamba ni saa kumi na tano kwenda na kumi na nne kurudi. Mama, ambaye ndiye mwenye safari, akauliza iwapo ndege hupita njia moja wakati wa kwenda na njia nyingine wakati wa kurudi, na sote tukamcheka.

Nimekaa na karatasi na kalamu, na haya ndiyo niliyoyapata mpaka sasa.

Masafa hayana ubishi. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, kwa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, ni takriban kilomita 11,840. Kwa hesabu ya mabaharia ni karibu maili 6,390 za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852. Ukiongeza kilomita kama 410 za kutoka hapa Malindi hadi Nairobi, utaona kwamba Mama atakuwa amekwenda zaidi ya robo ya mzingo wa dunia, kwa kuwa mzingo huo kwenye ikweta ni kilomita 40,075.

Kilichotuchanganya ni saa. Tiketi huandika saa ya mahali ndege ilipo, wala haijali saa ya kule abiria alikotoka. Ndege yake inaondoka Nairobi 23:30, yaani saa tano na nusu usiku, na inatua New York 06:30, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mpwa wangu akatoa, akapata saba. Kurudi inaondoka 12:30, saa sita na nusu mchana, na kutua Nairobi siku ya pili 10:30, saa nne na nusu asubuhi. Jirani akatoa, akapata ishirini na mbili. Hakuna aliyekosea kutoa. Walichokosea ni kudhani kwamba saa ya huku na saa ya kule ni moja. Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC, mwaka mzima, ilhali New York wakati wa baridi iko saa tano nyuma yake, na kwa hiyo pengo ni saa nane. Anayekwenda magharibi huziongeza hizo nane kwenye saba, zikawa kumi na tano. Anayerudi huzitoa nane zizo hizo kwenye ishirini na mbili, zikabaki kumi na nne. Atakayesafiri kati ya Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba akumbuke kwamba Wamarekani huwa wamesogeza saa zao mbele, na pengo huwa saba.

Hapo dada yangu ameshinda. Lakini limebaki jambo ambalo kalamu yangu imeshindwa nalo: ikiwa masafa ni yale yale, na ndege ni ile ile, hiyo saa moja inayopungua wakati wa kurudi inakwenda wapi?

Binti Mambrui

Wa alaykum salaam, kaka. Mimi nilikuwa na hesabu yangu tangu shuleni, na sasa naiona imepinduka. Dunia inazunguka kutoka magharibi kwenda mashariki. Basi ndege ikipaa Nairobi na kuelekea magharibi, si New York inakuja kumlaki mwenye safari? Kwa mantiki hiyo kwenda kungekuwa kwepesi na kurudi ndiko kuwe kuzito, kwa sababu wakati wa kurudi Nairobi inamkimbia. Tiketi ya mama yetu inasema kinyume. Naomba mwenye elimu anieleze, na asiniambie tu kwamba ndivyo ilivyo.

Mwalimu wa Ngomeni

Binti Mambrui, swali lako nimeulizwa darasani kila mwaka, na huwa nawaambia wanafunzi wamfikirie nzi. Nzi aliyeingia ndani ya matatu hapa Malindi, akawa anaruka ruka juu ya vichwa vya abiria bila ya kugusa kiti, haachwi Kilifi matatu ikaenda Mombasa bila yeye. Hewa iliyomo ndani ya gari inakwenda na gari, na nzi yumo ndani ya hewa hiyo. Vivyo hivyo hewa yote iliyoifunika dunia inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani yake. New York haimlaki mtu wala Nairobi haimkimbii mtu.

Ila kuna chombo ambacho kwacho mzunguko huo ni faida kubwa, nacho sisi wa Ngomeni tulikuwa nacho mbele ya macho yetu. Yale majukwaa yenye miguu ya chuma yaliyosimama baharini, ambayo Waitaliano waliyatumia kurushia setilaiti, yaliwekwa huku kwa sababu tuko karibu na ikweta, mahali ambapo uso wa dunia unakwenda mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki huondoka ikiwa tayari imepewa kasi hiyo bure. Setilaiti iliyorushwa hapo tarehe 12 Disemba 1970 ilipewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ni sikukuu yetu. Roketi inatoka nje ya hewa, na kwa hiyo mwendo wa dunia inauhesabu. Ndege haitoki, na kwa hiyo haiuhesabu.

Ile saa moja inayopotea ni kazi ya upepo. Lakini upepo sitausemea mimi ilhali jukwaani mna manahodha.

Nahodha Mstaafu

Ahsante, Mwalimu, kwa kunipisha. Mimi sijawahi kuendesha ndege, ila natazama kwamba hata anayeiendesha tunamwita rubani, na neno hilo lilikuwa letu sisi wa baharini kabla ya chuma kujifunza kuruka. Rubani alikuwa ni yule anayezijua njia na miamba, anayekiingiza chombo bandarini. Kwa hiyo naona nina haki ya kusema mawili matatu.

Baharini hatukuuliza ni maili ngapi. Tuliuliza ni mwezi gani. Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba hadi Machi, chombo kinachotoka Arabuni kinashuka kuja kwetu na upepo wa tezi, yaani unaokisukuma kutoka nyuma. Kusi ikishika, chombo hicho hicho kinapanda kurudi kwao kwa raha ile ile. Lakini anayeng'oa nanga wakati si wake atakutana na upepo wa omo, unaompiga usoni, na itambidi abishe, aende upande huu kisha upande huu kama mlevi, na maili mia moja za ramani zimtoke kwa maili mia mbili za maji.

Ushahidi uko hapa hapa Malindi, nao ni ile nguzo ya Vasco da Gama, na watalii huupiga picha kila siku bila ya kujua. Vasco da Gama aliondoka hapa tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, kusi ndiyo inaanza, na tarehe 20 Mei alikuwa ameshafika Calicut. Siku ishirini na sita. Wakati wa kurudi hakutaka kungoja. Aliiacha pwani ya Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijasimama, akakutana na bahari shwari na pepo za omo, na hakuiona pwani ya Afrika, karibu na Mogadishu, mpaka tarehe 2 Januari 1499. Miezi mitatu, kwa bahari ile ile! Kiseyeye kilimmalizia watu wengi kiasi kwamba, baada ya kupita hapa kwetu, ilimbidi aiteketeze moja ya merikebu zake kwa kukosa mikono ya kuiendesha. Kutoka Malindi hadi Calicut kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 4,250, na mstari huo haukurefuka hata shubiri moja kati ya Aprili na Oktoba.

Basi, Mkaazi wa Barani, saa moja ya mama yetu iko hapo. Nimesikia kwamba huko juu, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaokwenda mashariki mwaka mzima. Mwalimu athibitishe.

Mwalimu wa Ngomeni

Nathibitisha, Nahodha. Mikondo hiyo ipo katika nusu zote mbili za dunia, inatoka magharibi kwenda mashariki, na katika majira ya baridi ya kaskazini inaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Haibadiliki upande kama kaskazi na kusi, na hapo ndipo inapotofautiana na pepo zetu: anayekwenda Amerika kutoka upande huu wa dunia daima ana upepo wa omo, na anayerudi daima ana upepo wa tezi. Mwezi wa Februari 2020, wakati wa dhoruba kali huko Ulaya, ndege moja ya abiria ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa chini ya saa tano, safari ambayo kwa kawaida huchukua sita na nusu au saba.

Ukigawa kilomita 11,840 kwa saa kumi na tano unapata mwendo wa wastani wa takriban kilomita 790 kwa saa; ukizigawa kwa kumi na nne unapata karibu 846. Ndege aina ya Boeing 787 ndani ya hewa inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa pande zote mbili. Hata hivyo wastani wa pande zote umeshuka chini ya hapo, kwa kuwa umeingia pia muda wa kupanda, kushuka na kutambaa uwanjani, na kilichobaki kati ya mwendo wa kwenda na wa kurudi ni upepo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mimi lilinishangaza nilipolipima. London hadi New York ni kilomita 5,540 tu, na tofauti ya kwenda na kurudi huko nayo ni ya takriban saa moja. Inakuwaje safari yetu, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya hiyo, itofautiane kwa saa ile ile moja? Jibu ni kwamba karibu nusu ya njia yetu iko juu ya Afrika ya joto, ambako mkondo huo ni dhaifu au haupo kabisa. Ndege ya Nairobi huanza kupigwa usoni baada ya kuukaribia Mediterania na kuingia Atlantiki.

Na hapo naomba msitazame ramani ya ukutani. Ukiichora njia kwa rula kwenye ramani iliyolala, itapita Kongo, Kameruni na pwani ya Afrika Magharibi, kisha itaingia bahari kuu. Chukueni tufe la dunia na uzi wa kushonea, mshikize ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha mvute mpaka uzi ukaze. Mtaona unaondoka kuelekea kaskazini-magharibi, unapita Uganda, Sudan Kusini, Darfur, Chad, pembe ya Niger, katikati ya Algeria, Morocco, halafu unaivuka Atlantiki juu ya visiwa vya Azores. Huo ndio mstari mfupi kabisa, na zile kilomita 11,840 ni zake.

Kijana wa Kisumu Ndogo

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nina swali la mfukoni. Nilipotafuta nauli kwa mtandao niliona njia nyingi: kuna ya kupitia Dubai, kuna ya kupitia London, kuna ya Amsterdam, na mara nyingine zinashuka bei kuliko ile ya moja kwa moja. Mtu akiniambia nipitie Dubai kwenda Marekani naona kama kumwambia mtu wa Malindi apitie Garsen, iliyo kaskazini, kwenda Mombasa iliyo kusini. Je, kuna anayejua upotevu wenyewe ni wa kiasi gani?

Dawati la Tiketi

Marahaba, kijana. Kazi yangu ya kila siku ni kuuza tiketi, na ofisi yangu iko mjini hapa hapa, kwa hiyo swali hili nalijibu hata usingizini.

Mfano wako wa Garsen ni mzuri lakini hauwafai wote. Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,560, na Dubai hadi New York ni kama 11,000. Jumla 14,560, yaani umeongeza zaidi ya kilomita 2,700 juu ya ile njia ya uzi wa Mwalimu. Hiyo kweli ni Garsen. Lakini Nairobi hadi London ni 6,840, na London hadi New York 5,540. Jumla ni 12,380, na ziada haifiki hata kilomita 550. London haiko mbali sana na njia kama inavyoonekana kwenye ramani. Kwa hiyo abiria wa London anapoteza muda kwenye viti vya uwanja wa ndege kuliko angani, na hapo ndipo wateja wangu hujidanganya, kwa sababu wanahesabu saa za kuruka na kusahau saa za kungoja. Nimewahi kumuuzia mtu safari iliyokuwa na saa kumi na tisa za kuruka na kumi na moja za kukaa.

Safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, na kabla ya hapo kila mtu alikuwa na Garsen yake. Si ndefu kuliko zote duniani, maana Singapore hadi New York ni zaidi ya kilomita 15,300 na inakaribia saa kumi na tisa, lakini kwa mtu aliyezoea basi la usiku la Nairobi inatosha na kubaki.

Wengi huniuliza kwa nini ndege hiyo huondoka usiku wa manane. Sababu za ratiba ni nyingi, ila moja ni hewa. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi; bawa linapata cha kushika kidogo na injini inapata cha kuvuta kidogo. Jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Ndege iliyobeba mafuta ya saa kumi na tano ni nzito mno, na baridi ya usiku inaisaidia kupaa na mzigo ambao mchana pengine ungelazimika kupunguzwa. Ingekuwa inapaa kutoka usawa wa bahari, kama hapa kwetu, tatizo hilo lisingekuwepo, ingawa kwa uwanja wetu wa Malindi, usiopokea ndege kubwa, hiyo ni ndoto ya mchana.

Mwalimu, uzi wako umepita Darfur. Vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege zilizokuwa zikiipita zikalazimika kuzunguka. Mstari mfupi wa tufe ni wa jiometri. Njia ya siku hiyo huamuliwa na vita, dhoruba, ada za anga na upepo.

Nahodha Mstaafu

Basi naomba tumrudie mama wa Barani aliyechekwa. Aliuliza iwapo ndege hupita njia nyingine wakati wa kurudi. Dawati la Tiketi, unalo jibu?

Dawati la Tiketi

Ninalo, na ni ndiyo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini njia za ndege hupangwa upya kila siku kulingana na upepo, seti moja kwa wanaokwenda magharibi na seti nyingine kwa wanaokwenda mashariki. Anayekwenda huukwepa mkondo, anayerudi huutafuta aupande. Rubani anaweza kukubali kuongeza kilomita mia mbili au tatu za masafa ili apunguze dakika thelathini za muda. Kwa hiyo wenye baraza mmemcheka mtu aliyekuwa amesema kweli.

Mkaazi wa Barani (mleta uzi)

Nimemsomea Mama maneno hayo. Hakusema kitu, alinitazama tu juu ya miwani yake na kuendelea kuchambua mchele.

Kwa kuwa tumefika kwenye makosa, niungame langu, maana pengine litamsaidia mtu. Miaka minne iliyopita bibi yangu, mzaa mama, alikuwa anakwenda kwa mjomba kupitia nchi moja ya Ghuba. Tiketi ilisema Jumanne, 00:35. Bibi, ambaye hakusoma Kiingereza wala hakuhitaji, aliuliza: "Ni usiku wa Jumanne?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi tuwe Nairobi Jumatatu." Nikamwambia hapana Bibi, Jumanne ni Jumanne, tutaondoka Malindi Jumanne asubuhi na usiku utakuwa na nafasi tele. Alibisha kidogo, kisha akaniachia kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Sanduku lake tulilipima kwenye mizani ya muuza samaki, kilo 23 kamili, achari ya embe imefungwa kwa mifuko mitatu ili isivuje. Tulifika uwanjani Nairobi Jumanne saa tatu za usiku, tukiwa na furaha ya watu waliowahi. Yule binti wa kaunta aliitazama tiketi, akanitazama mimi, akaitazama tena. Ndege ilikuwa imeondoka zaidi ya saa ishirini kabla ya hapo, dakika thelathini na tano baada ya Jumatatu kwisha.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba siku huanza jua linapokuchwa. Alhamisi baada ya magharibi tunasema ni usiku wa Ijumaa, na nyiradi za usiku wa Ijumaa zinasomwa wakati huo. Kwa hesabu hiyo usiku wa Jumanne ni ule unaokuja kabla ya mchana wa Jumanne, na tiketi ya 00:35 ilikuwa inasema maneno yale yale ya Bibi. Mimi niliyesoma ndiye niliyeichukua siku ya kizungu inayoanza saa sita ya usiku na kuibandika usiku wake mwishoni. Nililipa tofauti ya nauli, na Bibi hakunilaumu hata neno moja, jambo ambalo liliniuma kuliko lawama.

Binti Mambrui

Pole kaka, ingawa nimecheka. Hapa kwetu bado tunasema "usiku wa kuamkia Jumanne" ili kuondoa shaka, na naona hata wakala wa tiketi wangeandika hivyo ingewaokoa wengi. Nimeelewa pia habari ya nzi na matatu. Ila mbona nyote mmeanza safari Nairobi, kana kwamba Malindi na Nairobi ni mlango na ukumbi?

Dawati la Tiketi

Umenena. Ndege ya Malindi kwenda Nairobi ni kama saa moja, lakini usiipange ikaribiane na ile kubwa, hasa kama ni tiketi mbili mbalimbali, kwa sababu ndogo ikichelewa kubwa haikungoji na hakuna wa kukurudishia. Wanaopita Mombasa wana kilomita kama 120 za barabara, kisha treni ya takriban saa tano inayowashusha Syokimau, si mbali na uwanja wa ndege. Mimi huwashauri wateja wazee wafike Nairobi mchana, wapumzike, wale, waswali, kisha ndipo waende uwanjani. Kutoka mlango wa nyumba ya Malindi hadi mlango wa nyumba ya New York, na ndege ya moja kwa moja, hesabu saa ishirini na sita au zaidi, wala usimwahidi mtu pungufu ya hapo.

Mkaazi wa Barani (mleta uzi)

Nimerudi kwenye uzi baada ya wiki tano, kwa kuwa wengine mlinitumia ujumbe kuuliza. Mama amefika salama, alhamdulillahi. Tulifika Nairobi mapema kama tulivyoshauriwa, na ndege iliondoka usiku saa tano na nusu, ikatua baada ya saa kumi na nne na dakika hamsini.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja humu, nalo Mama amelisimulia kwa simu mara mbili. Jua lilimtulia Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni, akaswali magharibi na isha. Kisha akaingia ndani ya ndege, na kila alipofungua pazia la dirisha aliona giza. Alilala, akaamka, giza. Alikula, akalala tena, akaamka, giza. Ndege ilikuwa inaukimbilia usiku nao usiku unakimbia mbele yake, kwa maana wote wawili walikuwa wanakwenda magharibi, na Disemba usiku wa kule kaskazini ni mrefu. Saa yake ya mkononi, ambayo alikataa kuibadilisha, ilikuwa inaonyesha saa nane na dakika ishirini mchana magurudumu yalipogusa ardhi, na nje taa za uwanja bado zinawaka. Jua la New York lilichomoza yapata saa moja na robo asubuhi ya huko, ambayo kwetu ni saa tisa na robo alasiri. Nimepiga hesabu: tangu machweo ya Nairobi hadi macheo ya New York, usiku wake ulikuwa wa karibu saa ishirini na moja.

Alfajiri aliiswali pembeni mwa ukumbi wa kungojea mizigo, juu ya kanga, sisi huku tukiwa tumeshamaliza adhuhuri na tunaingojea alasiri. Ananiuliza iwapo wakati wa kurudi usiku utakuwa mfupi kwa kiasi hicho hicho. Baraza zima liko kimya, hakuna aliyecheka, na nimewaachia Mwalimu na Nahodha swali hilo.

Mwalimu wa Ngomeni

Mwambie utakuwa mfupi sana. Ataondoka mchana saa sita na nusu, akielekea mashariki, jua nalo likienda magharibi, na kwa hiyo watapishana. Litamtulia mapema juu ya Atlantiki na litamchomozea akiwa juu ya Afrika, kabla ya kutua Nairobi. Afungue pazia upande wa kushoto.

Nahodha Mstaafu

Na upepo wa tezi. Msalimie.